Diaforezi na Kibuyu cha Kwanza

Mikono yangu inatoka maji. Nalisema mwanzoni, asije mtu baadaye akaniambia nilificha kasoro ya mali. Iwe baridi au jua, nikiwa nimekaa au nimelala, nikiwa sina deni wala dhambi mpya, viganja vyangu vinalowa kama vya mtu anayetoka kuosha vyombo. Nilizaliwa hivyo. Baba yangu alikuwa hivyo, kaka yangu pia, na binti wa kaka yangu, ambaye nimemlea tangu kaka alipotuacha, naye ni hivyo hivyo. Watu wengine wanarithi mashamba.

Shuleni wino wa daftari langu ulikuwa unatembea wenyewe kutoka mstari hadi mstari. Mwalimu alidhani namwagia maji makusudi, akanichapa kwenye viganja, na fimbo ikateleza. Hiyo ndiyo faida ya kwanza niliyopata.

Kwetu Bukavu, mtu mwenye mkono mchafu au uliolowa hakupi kiganja. Anakunja ngumi na kukunyoshea kifundo cha mkono, unakishika, salamu imepita, hakuna aliyevunjiwa heshima. Fundi wa magari anafanya hivyo, na mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo, anafanya hivyo. Mimi nimefanya hivyo tangu utoto, hata nikiwa nimevaa kitenge kipya cha kwenda misa. Padri akisema tupeane amani, mimi natoa kifundo. Watu wananiuliza:

"Maman, unatoka kuosha nini?"

"Naosha dunia," nawajibu. "Inakataa kutakata."

Nauza viatu vilivyokwisha kuvaliwa huko Ulaya na kuletwa kwetu katika marobota. Wenzangu sokoni wanatafuta maji ya kupangusia vumbi, mimi natembea nayo. Kazi hii imenifundisha jambo moja, na nawaomba mlishike kwa sababu litarudi. Mnunuzi anayekitaka kiatu hakisifu. Anakigeuza, anakwaruza soli kwa ukucha, anakunja uso na kusema, "Hii iko na alama." Dawa ya mtu huyo ni moja. Huapi, wala hubishani naye. Unachukua kiatu chako, unakirudisha kwenye gunia, unaangalia upande mwingine. Kama anakitaka, atakohoa.

Mwaka uliopita malaria ilinishika nikapelekwa kituo cha afya. Homa ilikuwa inashuka, nguo zimelowa hadi mgongoni, na siku hiyo hata mimi mwenyewe sikujua maji ya viganja yanaishia wapi na ya homa yanaanzia wapi. Muuguzi alinigusa shingo, akanigusa mkono, akageuka na kumwambia mwenzake aliyekuwa mwisho wa korido, kwa sauti ya mtu anayeita gari: "Maman huyu, diaforezi!"

Kwenye benchi aliketi mama mmoja wa mtaa wetu na mtoto wake mwenye kikohozi. Sina ubaya naye. Lakini neno lile lilimkaa mdomoni kama pipi.

Mimi nilibaki kitandani, neno likaushuka mlima peke yake. Niliporudi sokoni nililikuta limefika, limepanga chumba, limezaa. "Alikuwa na diaforezi," walisema. "Iko ya kurithi, hata yule binti anayo." Mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa amehamisha ndoo yake ya maji ya kunywa. Kabla ya hapo, kwa miaka yote, nilikuwa mwanamke wa mikono ya maji, watu wakicheka na kununua. Sasa nilikuwa na jina la kidaktari, na jina la kidaktari halichekwi. Hata mtu asiyejua maana yake anasogea nyuma kidogo, kwa adabu.

Kitu kikiingia nyumbani kwangu huwa nakigeuza pande zote mbili. Nikapanda tena kituoni, mara hii nikiwa mzima, nikamngojea daktari. Alikuwa mwanamke kijana, macho yamechoka, koti limefungwa kifungo kisicho chake.

"Dokta," nikamwambia, "hii diaforezi mulinipa, iko na dawa ao ni ya kuzikwa nayo?"

Alicheka hadi akakaa.

"Maman, diaforezi haiko ugonjwa. Ni kutoka jasho, basi."

"Sasa kwa nini hamukusema jasho?"

"Tulisoma mu Kifaransa, maman."

"Hata Bafaransa banasema transpirasyo. Nilibasikia."

Hapo akaona kwamba sitaondoka na nusu ya bidhaa. Akavuta kiti akanieleza, na namshukuru kwa sababu hakunieleza kama mtu anayemlisha mtoto. Jasho la mlima, la jembe, la jua, alisema, hilo hawaliandiki, mtu mwenye kupanda Kadutu na mzigo lazima atoke jasho. Diaforezi wanasema pale mwili unapotoka jasho jingi bila kazi na bila joto, na wao wanajiuliza: kuna nini ndani? Homa inavunjika? Moyo unauma? Damu imemwagika? Mgonjwa wa sukari, sukari yake imeshuka? Mara nyingi jasho hilo ni la baridi, na mtu mwenyewe anabadilika, anatetemeka, anasema mambo yasiyofuatana.

"Ni sawa na mbwa anayebweka," alisema. "Mbwa haiko mwizi. Lakini ukimusikia anabweka mbele ya nyumba yenye kufungwa, unapaswa kuenda kuangalia."

"Na mikono yangu?"

"Ilianza lini?"

"Siku nazaliwa."

"Inauma? Unasikia kizunguzungu? Unakonda?"

"Niangalie vizuri, Dokta."

Aliniangalia. Kukonda tukakuacha.

"Basi, ule wako ni mbwa anabweka sababu ni mbwa," alisema. "Hauambukize, haukuue. Tena uko na jina lake, hiperidrozi."

Nilikuwa nimekuja kurudisha jina moja, nikaondoka na mawili. Lakini sikukasirika. Njia nzima ya kushuka nilikuwa nayarudia, la kwanza na maana yake, la pili na maana yake, kisha tena tangu mwanzo, maana mimi sihesabu kitu mara moja.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Binti yetu alikuwa amepata kijana wa mtaa wa Muhumba, mpole, fundi wa kutengeneza simu. Walipendana vizuri, bila kelele. Alikuwa anamshika mkono hadharani, na mkono wa binti unatoka maji kama wangu. Niliwahi kumwona akiupangusa na shati lake na kuushika tena. Kwangu hicho kilikuwa cheti tosha. Lakini ndoa kwetu haifungwi na watu wawili. Familia yake ilipaswa kuja kwa mdogo wangu wa kiume, aliye msemaji wa nyumba yetu sasa, tuzungumze mahari.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa Bukavu haelezwi. Mji wetu unaogopa sumu. Risasi ina kelele, sumu ina tabasamu. Ndiyo maana chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na anayetoa pombe anaonja kwanza. Siku ya mahari, katika nyumba yetu, aliyemlea binti ndiye anayetoa kibuyu cha kwanza cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Anakinyanyua, anaonja wote wakiona, anampa msemaji wa upande wa kijana. Kabla kibuyu hicho hakijapokelewa, hakuna mgeni anayekula wala kunywa, hata maji. Kikipokelewa, tumekuwa watu wa chungu kimoja, na bei itazungumzwa kati ya ndugu.

Kasiksi niliitoa Mudaka, kwa mama ninayemjua, nikaisindikiza mimi mwenyewe hadi mlangoni. Sambaza, dagaa wa ziwa letu, zilikaangwa asubuhi, bugali ukafunikwa, chupa za sukre, soda zetu, zikalala ndani ya beseni la maji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ubaridi wa ziwa ulikuwa bado umekaa juu ya mabati. Wageni wakaingia. Nikawahesabu wakiketi, nikawahesabu tena walipokwisha kuketi, hakuna aliyepungua.

Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mzee kutoka Mumosho, mfanyabiashara wa ng'ombe. Kofia yake nzuri, fimbo yake nzuri, na macho yenye kwenda moja kwa moja kwenye kwato. Nilimtambua mara moja, ingawa sikuwahi kumwona. Nilikuwa namwona kila siku mbele ya meza yangu.

Nikanyanyua kibuyu. Nikaonja. Nikakinyosha kwake kwa mikono miwili.

Mzee hakukipokea. Aliangalia viganja vyangu na alama ya maji viliyoiacha kwenye shingo ya kibuyu.

"Maman," alisema polepole, ili wote wasikie, "mikono hii iko namna gani?"

"Ni ya Mungu, papa. Aliifanya na kusahau kufunga robine."

Upande wetu wakacheka. Upande wake hawakucheka.

"Tulisikia," akaendelea, "kama mu hii famille muko na diaforezi. Ni kweli ao batu banasema tu?"

Kumbe neno lilikuwa limepanda hadi Muhumba na kutelemka hadi Mumosho. Mimi mwenye viatu vya kuuza sijawahi kutembea hivyo.

"Na binti pia?" mzee akauliza. "Akuje hapa. Aonyeshe mikono."

Binti yetu alikuwa mlangoni na wenzake. Akaja, amevaa vizuri, shingo imenyooka. Akafungua viganja mbele ya watu wote. Viling'aa. Mzee akaviinamia kama anavyoangalia meno ya ndama, kisha akageuka kwa watu wake na kutikisa kichwa kwa huzuni nzuri sana.

"Siye hatukatae binti," alisema. "Binti ni muzuri. Lakini iko na alama. Mutapunguza ng'ombe. Na kibuyu, tunaomba kitoke mu mukono mwingine wenye kukauka."

Nikamwangalia binti. Alikuwa bado amefungua viganja, kwa sababu hakuna aliyemwambia avifunge. Nikamwangalia kijana. Aliangalia sakafu. Hapo ndipo mambo yalipokuwa, na wote tulijua: binti ataingia nyumba ile kama mke, au kama kiatu chenye alama kilichouzwa kwa huruma? Mwenye kuingia kwa bei iliyoshushwa kwa ajili ya mikono yake ataambiwa juu ya mikono hiyo kila sahani itakapovunjika.

Mdogo wangu, msemaji wetu, aliniinamia sikioni.

"Dada, acha muke wangu atoe kibuyu. Ni kitu ya kidogo. Tusivunje ndoa ya mutoto."

"Kibuyu kitatoka mu mukono huu," nikasema, na sikusema kwa kunong'ona, "ao kitabaki hapa."

Nikaketi. Nikaweka kibuyu magotini, nikamwita binti akae kando yangu, nikaangalia upande mwingine.

Mzee alielewa. Wafanyabiashara wanaelewana bila kutafsiriwa. Akaegemeza fimbo yake, akaketi vizuri kwenye kiti, naye akaangalia upande mwingine. Tukaanza kungojeana.

Maneno hayakukauka, maana watu wetu hawajui kunyamaza. Wazee walizungumza barabara, mvua, bei ya mahindi, mtu fulani aliyefariki. Harufu ya sambaza ilizunguka nyumba nzima ikitafuta wa kuila. Wake za wageni walikuwa wanameza mate kwa adabu. Mama mmoja wa upande wetu alinipitia akanong'ona, "We mwanamuke, kichwa yako ni ya jiwe." Nikamjibu kwamba jiwe halitoki maji. Jua lilikwisha kupita katikati, na bado kibuyu kilikuwa magotini pangu, kimejaa, na mapaja yangu yameanza kufa ganzi.

Kisha mzee akakosea hesabu.

Alikuwa anarudia ng'ombe aliokuja kuwatoa, rangi kwa rangi, jambo ambalo mtu kama yeye hulifanya akiwa amelala. Akarudia yule mwekundu mara mbili. Akakwama. Akaanza upya, akamsahau mwekundu kabisa. Watu wake walidhani ni ujanja. Mimi nilimgeukia, maana mtu wa biashara anaweza kukosea kwa faida yake, lakini hakosei kwa hasara yake mbele ya watu.

Uso wake ulikuwa umelowa. Maji yalianza kwenye paji, yakafuata mashavu, yakaingia kwenye kola. Shati limegandamana na kifua. Na ndani ya nyumba kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta, na yeye tangu asubuhi hakunyanyua hata kiti. Alitoa kitambaa apanguse, mkono ukatetemeka, kitambaa kikaanguka. Akamwangalia mpwa wake na kumwuliza:

"Hapa tulikuja kwa kilio ya nani?"

Watu wakageukiana. Kisha sauti moja ya upande wao, kijana mmoja karibu na dirisha, ikasema neno ambalo katika mji huu linaweza kuchoma nyumba:

"Sumu! Bamemulisha sumu!"

Viti vikaanguka. Mtu akanishika bega. Wanawake wa upande wangu wakakimbilia mlango wa nyuma. Nami nilibaki nimeketi, si kwa ujasiri. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nimekwisha kuwaambia.

"Amekula nini?" nikauliza. "Nani amemwona anakula? Amekunywa nini? Kibuyu hiki hapa, muangalie, kimejaa. Mulikataa hata maji yangu. Sumu ilimuingia na njia gani, kwa masikio?"

Mkono ulibaki begani pangu. Nikamtafuta mke wa mzee. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyekaa kwenye mkeka, na sasa alikuwa amefunika mdomo na ncha ya kitenge.

"Maman," nikamwita, "muzee iko na ugonjwa wa sukari?"

Akaangalia watu. Akamwangalia mumewe, aliyekuwa ameanza kuinama upande mmoja kama gunia lililofunguka.

"Jibu, maman. Nauliza mara ya pili."

"Alimeza kinini yake asubui," akasema. "Ya sukari. Alinikataza kusema. Alisema bakwe bakisikia ugonjwa batapandisha bei."

Siku nyingine ningecheka hadi jioni. Nilijua tu yale niliyoyanunua kwa daktari: jasho bila kazi, bila joto, mtu anatetemeka, maneno hayafuatani. Mbwa anabweka mbele ya nyumba iliyofungwa. Kidonge asubuhi, tumbo tupu mchana, na tumbo lilikuwa tupu kwa sababu yake na kwa sababu yangu, ng'ombe wawili wasiopishana kwenye daraja.

Sukari imeshuka, basi irudishwe. Nikampa binti kibuyu. Nikasimama juu ya miguu isiyokuwapo. Nikatoa chupa ya sukre kwenye beseni, nikainyanyua juu, nikaonyesha kizibo pande zote kama padri, nikaifungua mbele ya macho yao. Ikalia. Nikanywa, nikameza, nikafungua mdomo waone.

"Asimuguse!" yule kijana wa dirishani akapiga kelele. "Mikono yake! Asimuguse!"

Wanaume wawili wakasimama kati yangu na mzee. Chupa ilikuwa mkononi mwangu, maji ya beseni na maji yangu yamechanganyika, yanadondoka sakafuni.

Hapo binti yetu akapita. Hakuomba njia. Alipita chini ya mikono yao, akapiga magoti, akashika kichwa cha mzee kwa viganja vyake viwili vilivyolowa, akakinyoosha.

"Shangazi, leta," alisema.

Na kijana, yule aliyekuwa anasoma sakafu tangu asubuhi, akafika mbele yangu. Akatoa chupa mkononi mwangu. Akainywa, mdomo wake pale pale nilipoweka wangu, akameza, akawaangalia watu wake mmoja mmoja. Kisha akanirudishia.

"Maman, umupe wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenye kulea. Ninyi babili muko hapo mbele, mutoke mu njia."

Wakatoka kwenye njia.

Nikampa mzee kidogo kidogo, nikihakikisha anameza, kwa sababu mtu asiyemeza humnyweshi, utamzamisha. Binti alishikilia kichwa. Kijana alishikilia fimbo na kofia. Nyingi ilimwagika shingoni, na nzi wawili wakaja kutoa ushauri. Polepole macho ya mzee yakaanza kuangalia kitu kimoja. Kutetemeka kukapungua. Akalamba midomo. Akatazama viganja vilivyokuwa kwenye mashavu yake, akafuata mikono hadi kwenye uso wa binti.

"Nani amenilowesha hivi?" akauliza.

"Umejilowesha weye mwenyewe, papa," binti akamjibu.

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, ndani ya kitenge, akilia pia. Nilimwambia kesho wampandishe mlima kwa daktari, na asimeze tena kidonge kile bila chakula, hata kama ameenda kumwoa malkia. Nikaleta bugali na sambaza. Nikamega tonge la kwanza mimi mwenyewe, nikala. Mzee akamega la pili. Hakuangalia mikono ya mtu. Alikula kama mtu anayerudi kutoka msituni.

Kibuyu kilikuwa bado hakijapokelewa. Aliposhiba, akarekebisha kofia, akaomba fimbo yake, akakohoa. Mlisikia? Akakohoa.

"Tulikuwa wapi?" akasema.

"Tulikuwa mu mikono, muzee," nikasema.

"Ee. Mikono." Akaangalia viganja vyangu. Mtu wa biashara hafi haraka. "Bado iko na maji."

"Na shati yako, papa?"

Watu wakaanza kuguna. Nami nikasogeza kiti changu mbele yake, goti kwa goti.

"Lile neno mulitoka nalo kwenu, diaforezi, sikiliza sasa maana yake. Ni lile jasho ilikuwa mu uso yako. Lilikuwa linalia kama kuna kitu mubaya ndani, na kilikuwa kweli. Yangu na ya binti haina kitu inalilia. Ni mikono yenye maji, basi. Itapika, itaosha batoto, itakuzika siku yako ikifika. Siye hatukatae kijana. Kijana ni muzuri. Lakini mujomba iko na alama. Tupandishe ng'ombe?"

Nyumba ikaanguka kwa kicheko, pande zote mbili, hata yule wa dirishani. Mzee alijaribu kubaki na uso wa soko. Uso ukamshinda.

"Ng'ombe babaki bile bilikuwa," akasema. "Bote."

"Hata yule mwekundu?"

"Hata yule mwekundu, maman. Leta kibuyu."

Nilikinyanyua tena, nikaonja tena, nikakinyosha. Alikipokea kwa mikono miwili, vidole vyake juu ya alama za vidole vyangu. Nilimruhusu agusishe midomo tu, pombe haikuwa rafiki yake siku hiyo, na alinuna kama mtoto. Kijana akanywa sehemu ya mjomba wake na sehemu yake.

Jioni wakaondoka. Nilisimama mlangoni kusindikiza. Mzee alikuja wa mwisho, amemwegemea mpwa wake, shati bado halijakauka. Alipofika mbele yangu alifuta mkono kwenye suruali, akauangalia, akaufuta tena. Ulikuwa bado una unyevu. Akakunja ngumi, akaninyoshea kifundo.

Nilikitazama kile kifundo. Maisha yangu yote nimewapa watu kifundo, nikiomba msamaha kwa maji ambayo sikuyachota.

"Hapana, muzee," nikasema. "Fungua."

Alisita, kisha akafungua. Nikakishika kiganja chake na changu, chote, nikakibana. Nyuma yake binti alikuwa anawaaga wanawake wa Muhumba, mmoja mmoja, na nilimwona: alikuwa anawapa kiganja.